Ghorofa Tatu za Nyumba Yetu

11 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo. Mimi mzima, goti tu ndilo hunikumbusha umri ninapoinuka. Paka wa marehemu bado anakuja saa ya chakula, anakaa mbele ya kiti chake na kunitazama kama mimi ndiye niliyemficha mwenye kiti. Natumaini kikohozi chako kimekwisha. Usilale dirisha wazi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu nimeizima, nimeiweka kabatini ndani ya soksi ya baba yako mdogo. Jioni ile aliyoanguka nilikuwa nimepiga magoti kando yake pale uani, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa inanijulisha kwamba mume wa mtu mtaani kwetu amejirusha. Mtaa mzima ulipata habari za mume wangu kabla yangu, na zilikuwa tofauti na zile nilizokuwa nimezishika mikononi. Tangu hapo sina hamu nayo. Barua, angalau, haisambazwi kwa watu mia kabla sijamaliza kuiandika.

Unajua alivyokufa, nilikusimulia mwenyewe, lakini acha niandike ili iwepo mahali. Msoma habari wa televisheni alikuwa na chenga usoni, nikanung'unika. Baba yako mdogo, fundi redio tangu ujana wake, hakuvumilia kumsikia mtu akinung'unikia mitambo. Akaegemeza ngazi, akapanda kuzungusha antena, nami nikabaki ndani kupiga kelele kama tulivyozoea: "Bado! Bado kidogo! Umepita, rudisha!" Halafu picha ikatulia. Nikapaza sauti, "Hapo hapo! Usiguse!" Hakugusa tena. Aliteleza kwenye bati, kichwa kikapiga ukingo wa saruji pale tunapofulia.

Tangu siku ile picha ni safi kabisa. Na katika picha hiyo safi, kesho yake, nikamwona msoma habari yule yule, uso hauna hata punje moja ya chenga, akisema fundi mmoja mzee amejirusha kutoka ghorofa ya tatu kwa sababu ya ugumu wa maisha.

Dada yako ameisoma habari hiyo huko anakouguza wazee wa watu. Alipiga simu mara moja, kabla sijaizima. "Mama," akasema, "mimi ni muuguzi, mambo haya nayaelewa. Usimfichie baba. Ukiwa tayari kuniambia ukweli, nipigie." Nikamwambia ukweli ndio huo wa antena. Akasema, "Sawa, Mama," kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa. Hakupiga tena mpaka naizima. Analala akidhani baba yake alikuwa na huzuni na yeye hakuiona.

Sasa, wewe ni mtu wa gazeti. Nifundishe: mtu wa kawaida kama mimi apate wapi habari ya kuaminika siku hizi? Nataka moja tu, nimpelekee dada yako.

Mama Kioo anakusalimu. Yule msusi wa ng'ambo ya barabara, mwenye saluni ya kioo kikubwa. Tangu mazishi hajaniacha hata siku moja. Ananiletea mkate, ananiambia nani kaoa na nani kahama. Bila yeye nisingejua hata bei ya chumvi. Chombo changu cha habari ni huyo.

Mimi mama yako mdogo.


9 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Kikohozi kimekwisha, dirisha nafunga. Mtoto ameota jino la kwanza na anang'ata kila kitu, pamoja na kitambulisho changu cha kazini. Mama watoto anakusalimu sana.

Umeuliza swali zuri. Mkuu wetu wa kazi hupenda kusema kwamba vyombo vya habari ni kioo cha jamii. Ameyaandika maneno hayo ukutani kwa herufi kubwa, juu ya mashine ya kahawa isiyofanya kazi. Lakini kioo nacho chahitaji kutazamwa kwa makini. Mimi hufanya hivi: kwanza naangalia ni nani anayesema, na kama ametaja jina lake. Pili nauliza, je, aliona mwenyewe au kaambiwa? Tatu, nalinganisha vyombo kadhaa. Kama vyombo vingi visivyohusiana vinasema jambo lilelile, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kweli. Usisome kichwa cha habari peke yake. Na habari ikikupandisha hasira au machozi mara moja, iache ipoe kwanza.

Jaribu hivyo, Mama Mdogo, kisha uniambie umepata nini. Kuhusu dada, mpe muda.

Nakutumia picha ya jino.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu,

Jino nimeliona, ni jino kweli. Nimelibandika kwenye mlango wa kabati. Mvua imeanza na bati linavuja palepale lilipokuwa linavuja mwaka jana, ambapo baba yako mdogo alikuwa amepaziba kwa waya na kipande cha ndara. Unakumbuka alivyokuwa anafunga kila kitu kwa waya? Mpini wa sufuria, fremu ya miwani yangu, mkono wa mwanasesere wa dada yako. Na msoma habari akisema "Habari za jioni, mtazamaji," yeye alikuwa anamjibu, "Nzuri, karibu."

Nimefuata mafundisho yako. Mama Kioo alinisaidia kuzitafuta habari hizo kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, huku akifuta macho kwa kanga. Ana moyo mwepesi, maskini. Tukapata vyombo saba. Hakuna hata kimoja kinachosema ni nani aliyeona. Lakini vyote saba vinasema jambo lilelile, kwa hiyo kwa kanuni yako ya tatu baba yako mdogo alijirusha, nami ninadanganya. Mimi ni chombo kimoja, mwanangu. Wao ni saba.

Hata hivyo, vyote saba vinasema ghorofa ya tatu. Umelala katika nyumba hii. Umewahi kupanda ngazi kwenda kulala? Ghorofa hatuna hata ya kwanza, hata ngazi yenyewe tuliazima kwa mpaka rangi. Nimejiuliza watu saba tofauti wangewezaje kuja uani kwangu, wote wahesabu vibaya kwa namna moja, na wote wasiombe hata maji ya kunywa. Mama Kioo hakucheka nilipomwambia hivyo. Mimi nilicheka kidogo. Nilifikiri mwenye nyumba akisoma atatupandishia kodi.

Cha saba ni gazeti lenu. Hukunitajia. Nadhani ulisahau.

Nieleze basi, ilianzia wapi? Nikijua mdomo wa kwanza, nitamwomba huyo mtu azungumze na dada yako. Sitamgombeza. Nataka tu aseme alichokiona.

Wasalimie wote. Usimnyang'anye mtoto kitambulisho, labda atakifanyia kazi nzuri.

Mama yako mdogo.


14 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa natafuta ulichoniuliza, nilipokipata nikakaa nacho mfukoni kwa muda.

Sikusahau kukutajia gazeti letu. Niliona aibu. Habari ile ilichapishwa nikiwa ndani ya basi nakuja msibani. Wenzangu walinitafuta niwathibitishie, maana walijua ninatoka mtaa huo. Nilikuwa nimezima simu kwa heshima ya marehemu. Walipokosa kunipata, wakaamini wengine.

Nimeifuata nyuma hatua kwa hatua. Sisi tuliichukua kwenye tovuti moja. Tovuti iliisikia redioni. Redio iliitoa kwenye ukurasa unaojiita Papo Hapo, na huyo wa Papo Hapo ndiye aliyejenga ghorofa zako tatu. Nilimpigia. Akaniambia, "Kaka, niliandika 'juu ya paa', ikaonekana fupi." Ukurasa wenyewe uliuchukua ujumbe kutoka kundi la simu la mtaa wenu. Kwa hiyo saba hao ni mmoja tu, Mama Mdogo, aliyepigiwa mwangwi. Kanuni yangu ya tatu ulikuwa na haki ya kuicheka.

Ujumbe wa kwanza kabisa ninao hapa. Unasema: "Jamani njooni! Mume wa jirani yangu kajirusha juu ya paa!" Aliyeuandika ni Mama Kioo.

Tafadhali usiikunje barua hapa. Kesho yake asubuhi Mama Kioo huyohuyo aliandika ujumbe mwingine kwenye kundi lilelile: "Nilikosea. Hakujirusha, aliteleza, alikuwa anatengeneza antena. Naomba mfute ule wa jana." Watu wawili ndio waliojibu. Mmoja aliweka alama ya dole gumba, mwingine akauliza kama Jumapili anasuka.

Kwa nini hajakuambia, sijui. Muulize kwa upole wako. Yeye ndiye anayeweza kuzungumza na dada, maana ndiye peke yake aliyeona. Mimi huku nimeandika maombi ya kusahihisha habari yetu. Yanapita kwenye ngazi zake, na hizo ni zaidi ya tatu.

Mwanao anayekupenda.


20 Juni

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, mvua imekata. Paka amepata mpenzi, usiku hatulali. Mwezi uliopita niliikalia miwani yangu, na safari hii hakuna wa kuifunga kwa waya. Kuandika naandika, mkono unaijua njia, lakini kusoma siwezi. Mama Kioo ndiye aliyenisomea barua yako, Mungu ambariki. Ilikuwa fupi mno kwa kurasa mbili. Nadhani umeanza kuandika herufi kubwa.

Nimesikitika kusikia kwamba mwenye habari ya kwanza hajulikani, na kwamba pengine ni dereva mpita njia ambaye ameshaondoka zake. Nilikuwa nimeweka matumaini. Lakini kama wewe mwenye kazi yako umeshindwa kumpata, mimi ni nani?

Asante kwa maneno mazuri uliyoandika juu ya Mama Kioo, kwamba nimshukuru, na kwamba ana moyo wa dhahabu na nisiwahi kumwacha. Alipofika hapo alilia mpaka ikabidi nimpe leso. Sikujua kuwa unamthamini kiasi hicho. Zamani ulikuwa unamwita Redio Mbao kwa umbea wake.

Jambo moja tu limenishangaza. Barua yote hukuuliza habari ya goti.

Dada yako bado yuko kimya. Juzi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Niliitoa simu kwenye soksi, nikaitazama, nikairudisha. Ningemwambia nini? Kwamba nimetafuta na nimekosa?

Mama yako mdogo.


8 Julai

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Nimefurahi kwamba barua yangu ilikufikia, au sehemu yake. Naomba umpe msomaji wako salamu zangu za pekee. Ni msomaji hodari, anasoma hata yasiyoandikwa. Mwambie sina kinyongo naye, na kwamba pale ofisini sisi tuna vyeti na tumefanya mabaya kuliko yeye, tena bila kutoa chozi. Mwambie pia kwamba ujumbe wake wa pili niliusoma mara nyingi kuliko wa kwanza. Ataelewa.

Nimekutengenezea miwani mpya. Vipimo ninavyo tangu nilipokupeleka kwa daktari wa macho. Nimeituma kwa basi, ipo ofisi ya vifurushi. Ile barua ya Mei usiitupe. Ukipata miwani, isome tena taratibu, hata kama umeshasomewa.

Mtoto ana meno manne.

Mwanao.


15 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini mko wazima. Goti linaendelea vizuri, asante kwa kuuliza. Paka amezaa chini ya kiti cha marehemu, kwa hiyo sasa nakaa kwenye kigoda ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Barua hii naiandika na kuisoma. Nimeona kumbe mwandiko wangu umepinda kama njia ya mbuzi, na hukuwahi kuniambia.

Barua yako ya Julai, Mama Kioo aliisoma vizuri mpaka kwenye salamu zake. Hapo akakohoa, akaomba maji, akaniambia mbiombio kwamba kuna kifurushi cha basi, akasema ana mteja. Hakuonekana tena karibu mwezi mzima. Saluni yake iko wazi, namsikia akicheka na watu, lakini barabara hakuvuka. Mkate nikanunua mwenyewe. Nikadhani nimemkosea. Ofisi ya vifurushi nilikwenda, wakaniambia mzigo ulishachukuliwa na ndugu yangu.

Mwisho wa Agosti akaja. Hakubisha hodi. Alikuwa na kitana bado kimechomekwa kichwani na kile kifurushi chako mkononi, karatasi imelegea kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Akaitoa miwani, akanivalisha mwenyewe. Kisha akachukua barua ya Mei kutoka nyuma ya picha ya jino, akaniwekea mapajani.

"Haya, dada. Leo sikusomei," akasema. "Soma mwenyewe. Mimi nipo hapa."

Akakaa sakafuni, karibu na paka.

Nikasoma. Nilisoma polepole maana miwani ilikuwa ngeni na macho yalikuwa na maji. Nilipomaliza nikaikunja. Yeye akaanza kusema bila kuulizwa. Jioni ile alikuwa anasuka, mgongo ameupa barabara. Alimwona baba yako mdogo kwenye kioo tu. Kioo kile, ukisimama pale anaposimama, kinaonyesha paa letu na kipande cha ukuta, basi. Kichwa cha mteja kilikuwa kimeziba antena. Aliona mtu amesimama juu ya bati, akanyoosha mikono miwili, kisha paa likabaki tupu. Akapiga yowe, akaandika, ndipo akakimbia. "Ningekimbia kwanza nikaandika baadaye," akasema, "ningeikuta antena inatikisika." Yeye ndiye aliyenishika mabega pale uani kabla hata simu haijaniita. Nilimwona mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema kesho nitakuambia. Kesho yake ukanipa funguo ya nyumba yako."

Mwanangu, nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki, na hata muda wa kutosha nilikuwa nao. Nikamtazama, kitana kichwani, na kikaja kitu kingine kabisa. Nikamuuliza, "Yule dereva mpita njia ulimtoa wapi?"

"Alikuja tu."

"Na moyo wa dhahabu?"

Akajifunika uso kwa kanga. "Huo nao ulikuja."

Nikamwambia kipaji hicho kinapotea bure saluni, mwanangu atamtafutia meza gazetini. Tukacheka mpaka paka akawahamisha watoto wake.

Kisha nikaitoa simu kwenye soksi. Tuliichaji saluni, chini ya kioo chenyewe. Mama Kioo ndiye aliyezungumza kwanza, akamwambia dada yako kila kitu, na kioo, na kichwa cha mteja, na ujumbe wa pili ambao haukusambazwa. Nikasikia ile sauti ya wagonjwa ikija: "Sawa, shangazi. Nashukuru kwa kunieleza." Nikaona basi, tumeshindwa tena. Hata shahidi tumempeleka, bado sisi ni wawili na wao ni saba.

Nikaichukua simu. Nikasema tu, "Mwanangu, bati lilikuwa na umande, na yeye kapanda na zile kandambili za bluu."

Akauliza, "Zipi? Zile alizofunga kwa waya?"

"Hizohizo. Nilimwambia avae viatu, akasema ni dakika moja."

Nikasikia anacheka, au analia, kwa simu huwezi kujua. "Baba jamani," akasema. "Baba na kandambili zake. Mara ngapi nilimwambia!" Akarudia hivyo hivyo. Kisha akasema, "Mama, nisamehe," bila ile sauti. Tulizungumza mpaka Mama Kioo akaomba kufunga saluni. Dada yako anakuja Desemba. Anasema ataleta viatu vya mpira vya kupandia paa, sijui ni nani atakayevivaa.

Kwa hiyo, kanuni zako ni nzuri, usiziache, lakini ongeza na hii: uliza alikuwa amevaa nini. Saba wote hawakujua.

Jana muuza duka alinifungia sabuni kwa gazeti lenu. Nilipofika nyumbani nikalinyoosha, maana sasa nina macho, na pembeni, chini ya tangazo la magodoro, nikayaona masahihisho yako. Yana ukubwa wa stempu. Yanasema fundi yule hakujirusha, bali aliteleza akirekebisha antena, gazeti linaomba radhi kwa familia. Nimeyasoma mara nyingi. Nimeyakata, nimeyabandika karibu na jino. Najua umepanda ngazi nyingi kwa ajili ya mistari ile, na baba yako mdogo angekushukuru kwa kukutengenezea hata ambacho hakijaharibika.

Wameandika kwamba aliteleza kutoka ghorofa ya pili.

Mama Kioo alitaka tuwapigie palepale. Nikamwambia aache kwanza. Wamemshusha ghorofa moja. Tukiendelea kuwaandikia, polepole watamfikisha chini salama.

Msalimie mama watoto, mbusu mtoto. Na jioni, msoma habari akikuamkia, mwitikie kwa niaba ya mzee, kisha unikumbuke na mimi.

Mama yako mdogo.